Jezi Imestaafu, Mwenyewe Bado

Fremu iligoma kuingia mlangoni. Waliilaza, wakaisimamisha, wakaigeuza ubavu, wapi! Ndani ya kioo chake ilikuwemo jezi ya kijani yenye namba tano mgongoni, na chini yake bamba la shaba lililoandikwa "Asante kwa Yote". Mwenye jezi alishika upande wa mbele huku anahema. Mkewe alishika upande wa nyuma huku ananung'unika. Binti yao wa miaka kumi na minne alikaa kwenye ngazi akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

"Baba, mlango una sentimita themanini, na ukiingia tu kuna ukuta wa korido mbele yako. Hiyo fremu ina mita moja na nusu kila upande. Hata mfunge na kuomba, haiingii."

Mama mkwe akachungulia dirishani. Mama huyu alikuwa akiishi nao tangu mjukuu azaliwe, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsemesha mkwe wake moja kwa moja kama palikuwa na mtu wa kupitishia maneno. "Mwambie mume wako," alimwambia bintiye, "mtu akikupa zawadi isiyopita mlangoni kwako, ujue hajui unakoishi."

Wakaipeleka saluni. Mkewe alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, chenye mlango mpana wa vioo. Fremu ikaegemezwa mbele ya kioo kikubwa cha ukutani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Tangu siku hiyo mteja aliyekuja kusukwa alitazamana na namba tano badala ya kujitazama mwenyewe.

Namba hiyo ndiyo ilikuwa jina lake. Misimu kumi na sita klabu moja, beki wa kati, mgongoni tano, mpaka watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Tano. Binti yake alipoanza shule akatambulishwa kama mtoto wa Tano, na mwalimu akauliza wale wanne wa kwanza wanasoma wapi. Hata mkewe alimwita Tano, ila akikasirika alimwita "wewe bwana". Klabu nyingine zilikuja kumtongoza mara tatu. Mara ya kwanza alikataa kwa sababu mke alikuwa mjamzito, mara ya pili kwa sababu timu ilikuwa inakaribia kushuka daraja, na mara ya tatu alijikuta tu amekataa, hata sababu hakuijua.

Sasa tuelewane kuhusu siku yenyewe. Mechi ilikuwa imekwisha, timu imeshinda, naye amecheza dakika zote tisini na goti lake bovu. Ghafla Katibu wa klabu akaingia uwanjani na kipaza sauti, nyuma yake watu wanne wamebeba ile fremu. "Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa!" Katibu akanguruma. "Kuanzia leo, jezi namba tano ya klabu hii imestaafu! Haitavaliwa tena na mtu yeyote!" Uwanja ukalipuka. Wanaume wazima walilia na wauza maji wakasahau kudai hela zao. Kisha Katibu akamsogezea Tano kipaza sauti. Huyu mtu uwanjani sauti yake husikika mpaka barabarani, lakini ukimpa kipaza sauti ulimi unamganda. Akasema neno moja: "Asante."

Hilo neno moja ndilo lililomponza.

*

Jumatatu asubuhi alichukua begi lake akaenda mazoezini kama kawaida. Mlinzi wa getini alipomwona akasimama, akavua kofia.

"Aa, mzee wetu! Umetukumbuka!"

"Tulionana juzi."

"Ndiyo, lakini wengine wakishastaafu hawageuki nyuma. Wewe una utu." Mlinzi akatoa daftari la wageni. "Niandikie jina hapa. Na hapa sababu ya kuja."

Tano alidhani ni utani. Akacheka, mlinzi naye akacheka, lakini daftari likabaki pale pale. Akaandika jina lake, na kwenye sababu akaandika "mazoezi". Mlinzi akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na mambo mengine. Kabati lake lilikuwa limefungwa kwa utepe. Juu yake palibandikwa picha yake akitabasamu, na chini ya picha palikuwa na miaka miwili: ule aliojiunga, kistari, na huu wa sasa. Mtu mwema alikuwa ameweka na maua. Wachezaji wenzake walisimama wote alipoingia, kisha kipa akamfuata akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, kaka."

"Pole ya nini? Sijafa mimi!"

"Tunajua, tunajua," kipa akasema kwa upole, kwa ile sauti watu wanayomsemesha nayo mtu ambaye bado hajakubali matokeo.

Kocha alikuwa mgeni, ana miezi mitatu tu klabuni, na kila kitu alikuwa nacho kwenye kishikwambi chake, kibao cha kioo alichotembea nacho kwapani. Alikigusa, akakitelezesha kwa kidole, akakigusa tena. "Jina lako halipo kwenye orodha ya ligi," alisema. "Limetoka Jumamosi. Nilidhani mmekubaliana." Wala hakuonekana kusikitika sana. Alikwishaona kwamba mtu wa miaka thelathini na saba hana mbio, na sasa jambo lililokuwa linamsumbua kuanzisha limejianzisha lenyewe. Akamwelekeza kwa Katibu.

Katibu alikuwa mtu mzuri, na hapo ndipo tabu inapoanzia, maana mtu mbaya ungemgombeza ukapumzika. Mwenyekiti wa klabu alikuwa safarini, kama ilivyo desturi yake, kwa hiyo Katibu ndiye aliyefanya yote: kuandika barua, kununua mipira, kulipa umeme na kuwapenda wachezaji. Alimkaribisha Tano kiti, akampa chai.

"Sisi tuna tabia mbaya," Katibu alisema. "Tunamsifu mtu akishalala kwenye jeneza. Mimi nikasema hapana, huyu tumsifu angali anasikia. Nikasoma kwamba klabu kubwa kubwa duniani huwa zinastaafisha jezi ya mchezaji wao. Nikaona hilo ndilo. Siku ile ile nikawaandikia ligi barua."

"Uliwaandikia nini?"

"Kwamba jezi namba tano haitavaliwa tena na mtu yeyote."

"Na mimi?"

Katibu akakuna kichwa. "Wewe sikukuona kama mtu yeyote."

Ilibainika kwamba hakusoma ile habari mpaka mwisho, pale panaposema jezi hustaafu pamoja na mwenyewe. Yeye alifikiri nguo inaweza kwenda pensheni ikamwacha mtu kazini. Watu wa ligi hawakufikiri hivyo. Kwao namba na jina ni kitu kimoja, wakafuta vyote viwili, wakatuma na barua ya pongezi. Kilichofutwa hakirudishwi. Njia ilikuwa moja tu: Tano asajiliwe upya, kama mchezaji mpya, kabla usajili haujafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na Kocha alikuwa na mipango nayo.

"Basi mwambie Kocha," Tano akasema.

"Mwambie wewe. Mimi nitamwambiaje? Nimeshakuaga mbele ya watu elfu tano, wamelia. Nikimwambia umerudi, si nitaonekana kichekesho?"

Tano alikuwa na maneno. Yalimjaa kifuani, yakampanda mpaka kooni. Akanyanyuka, akaweka kikombe mezani vizuri, akafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Asante." Halafu akarudi nyumbani.

*

Majirani walianza kumiminika jioni ile ile. Walikuja wawili wawili, wakavua viatu, wakakaa sebuleni kimya, wakasema pole. Mmoja aliuliza kama kuna siku maalumu ya kukutana. Mama mkwe aliwapokea wote kwa adabu, akawasindikiza mpaka nje, akarudi akimwambia mjukuu wake, "Mwambie baba yako kama ni msiba tujulishwe mapema, tukope viti."

Mkewe, tuseme ukweli, mwanzoni alifurahi. Jumamosi za miaka kumi na sita amezimaliza peke yake, harusi za ndugu amekwenda peke yake, mtoto akiumwa usiku baba yuko kambini. Jumatatu usiku alilala akitabasamu. Jumanne asubuhi tabasamu lilikuwa lipo bado. Ilipofika saa tano, Tano akaingia saluni, akatazama, akasema viti vimekaa vibaya.

"Vimekaa vibaya vipi?"

"Vimeacha nafasi kubwa katikati. Mtu anapenya."

Akavisogeza. Mteja mmoja akabaki anasukwa uso umeelekea ukutani. Kisha Tano akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na kila aliyetaka kupita akamsikia: "Nyuma yako! Kushoto! Usiache mtu!" Msaidizi wa saluni aliyekuwa anapita na maji ya moto alishtuka akamwagia viatu vyake mwenyewe. Mama mmoja mnene, mteja wa miaka mingi, aliambiwa arudi haraka kwenye nafasi yake. Alirudi kweli, nyumbani kwake, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama.

Jumatano akahamia jikoni. Mama mkwe alikuwa anakatakata vitunguu, na mtu mzima akawa anamsimamia begani akipiga makofi: "Mapema! Mapema! Cheza mapema!" Mama mkwe akaweka kisu chini. Alitafuta mtu wa kumpitishia maneno, akakosa, akaamua kumwambia paka.

Siku hiyo hiyo jioni, wateja walipoisha, mkewe akafunga mlango wa vioo, akamkalisha kwenye kiti cha kuoshea nywele.

"Hebu niambie. Wewe bwana umestaafu?"

"Sijui."

"Hujui! Nani anajua, mimi?"

"Mkataba wangu una mwaka mmoja umebaki."

"Sikuuliza habari za mkataba. Nakuuliza, unataka kucheza au hutaki?"

Tano alitazama ile jezi iliyokuwa inamtazama kutoka kwenye kioo. Ilikuwa imepigwa pasi. Hajawahi kuiona imepigwa pasi.

"Goti linaniuma," alisema polepole. "Mawinga wananipita, naona. Wala sisemi nicheze mpaka nizikwe na njumu. Lakini nilitaka siku ya kuacha niijue mimi kwanza. Nije nikwambie wewe, tukae tuongee, halafu wao wajue baadaye. Mimi habari za kuacha kwangu nimezisikia kwenye spika, pamoja na wauza maji." Akaiacha jezi, akamgeukia mkewe. "Hakuna aliyeniuliza. Bado nataka kucheza, na hakuna aliyeniuliza."

Mkewe hakuwa amemsikia akisema anataka kitu tangu siku alipomposa. Ilimuuma, na kwa kuwa ilimuuma, akawa mkali.

"Na wewe ulikuwa wapi? Kila mkataba ukiisha tarishi anakuja na mpya, unausaini hapa hapa juu ya meza yangu, katikati ya vitana, bila kusoma! Mwaka juzi walikuletea wa mlinzi wa getini kwa makosa, ukausaini pia! Mtu asiyewahi kusema hapana, nani atahangaika kumuuliza? Wanakuona kama mlingoti wa goli. Mlingoti hauulizwi."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaombe! Fungua mdomo! Huko uwanjani unawafokea watu ishirini, ukivaa suruali ndefu unakuwa bubu?"

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Mama mkwe alikuwa amesimama na kisu chake cha vitunguu mkononi.

"Mwambie mume wako," alimwambia bintiye, "kesho arudi kazini."

Wote wawili wakageuka kumtazama. Kwa miaka yote hiyo mama huyu aliita jambo hilo "ile michezo yake", na kila mwaka mpya aliuliza kama mkwe ameshapata shughuli. Sasa ameliita kazi. Ilimchukua siku moja tu ya kumpa mkwe wake nafasi jikoni. Mama mkwe akaona wanavyomtazama, akasonya, akafunga mlango.

*

Alhamisi alimkuta Kocha pembeni mwa uwanja. Hakukaa wala hakusalimia sana, maana alijua akianza na salamu atamalizia na asante.

"Nataka kucheza," alisema. "Nisajili."

Kocha akakitazama kile kibao chake kana kwamba jibu liko humo. "Nina nafasi moja. Na ukisajiliwa unakuwa mchezaji mpya. Mimi mchezaji mpya lazima nimwone kwenye majaribio. Utaratibu hauna mkubwa."

"Majaribio? Mimi?"

"Kesho saa tatu asubuhi. Uje na viatu vyako."

"As—" Tano akaanza, akalimeza neno likiwa njiani. "Nitakuja."

Habari za mtu wa misimu kumi na sita kufanyiwa majaribio kwenye klabu yake mwenyewe hazikuhitaji redio. Ijumaa mlinzi wa getini alimpokea na daftari lile lile, safari hii meno yote nje. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Familia ilikuja nyuma yake: mke amefunga saluni, binti ametoroka kipindi cha jiografia, na mama mkwe amevaa nguo zake za kutokea. Wakasimama nje ya uzio.

Walimpa kizibao cha rangi ya chungwa kisicho na namba, wakamweka upande wa akiba, kucheza dhidi ya kikosi cha kwanza. Kwa jinsi kilivyombana tumboni, afadhali kisingekuwepo. Filimbi ikalia. Dakika ya tatu winga akampita upande wa kulia. Dakika ya tano winga yule yule akampita upande wa kushoto, halafu akaomba radhi.

"Mwambie mume wako akimbie," mama mkwe akasema.

"Mama, ndiyo anakimbia."

Mkewe alishika waya wa uzio kwa vidole vyote kumi. Aliwahi kumwona akifungwa, akiumia, akitolewa kwa kadi. Hakuwahi kumwona akihurumiwa. Wachezaji wenzake walianza kumpunguzia: mmoja alipata mpira peke yake akajifanya ameteleza. Kocha aliandika kitu. Binti akafumba macho, kisha akafumbua moja.

Nadhani ni ile huruma iliyomwamsha. Tano alisimama, akavuta kizibao chini kikapanda tena, na akaanza kufoka. "Kushoto kwako! Toka! Mwache huyo, nina yeye! Panda, panda, panda!" Hakuongeza mbio hata kidogo. Alichofanya ni kuwaweka watu. Wale wa akiba, ambao tangu asubuhi walikuwa wanagongana, wakawa ukuta. Winga akaja tena na mbio zake zote, akakuta njia imeshafungwa na watu watatu, na Tano amesimama nyuma yao anapumua na kunyoosha kidole.

Kilichotokea upande wa pili ndicho kilichoamua mambo. Mpira mrefu ulipigwa juu, ukashuka kati ya mabeki wawili wa kati wa kikosi cha kwanza. Hao wamecheza misimu minne wakisikia sauti moja nyuma yao ikisema "Acha!" au "Nenda!", na leo sauti hiyo ilikuwa upande mwingine. Walitazamana. Kila mmoja akamwachia mwenzake. Halafu kila mmoja akaona mwenzake amemwachia, wakaruka wote wawili kwa nguvu zote. Mlio wa vichwa ulifika mpaka kwenye uzio.

"Mungu wangu," mama mkwe akasema. "Wamekosa mtu wa kuwaambia."

Mmoja aliinuka. Mwingine alikaa chini, uvimbe unamwota juu ya jicho huku watu wanautazama, na daktari wa timu alipomuuliza leo ni siku gani akajibu kijani. Wiki tatu, daktari akasema. Mechi ilikuwa kesho yake. Kocha alizima kile kibao, akakiweka kwapani, akamtazama yule mtu wa kizibao cha chungwa aliyekuwa ameinama akishika magoti yake yote mawili.

"Saa ngapi sasa hivi?" Kocha akauliza.

*

Wangewahi vizuri kama si kompyuta. Ilipofika saa tisa na nusu Katibu alikuwa bado anajaza fomu kwa kidole kimoja, jasho linamtiririka. Ofisini walijaa wote: Kocha amesimama mlangoni, Tano kwenye kiti, mkewe pembeni yake, mama mkwe kwenye kiti cha Mwenyekiti kwa kuwa ndicho kilichokuwa kitupu. Binti aliegemea meza akisoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Klabu anayotoka," Katibu alisoma, akaandika jina la klabu. "Klabu anayokwenda." Akaandika jina lile lile. Kompyuta ikalia, ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba klabu hizo mbili haziwezi kuwa moja.

"Haijawahi kuona mtu wa hivi," mkewe akasema.

Katibu akafuta, akaandika tena. Ikalia tena. Akajaribu kwa herufi kubwa, kisha akajaribu kuibembeleza. Saa tisa na dakika arobaini na tano akapiga simu ligi. Waliopokea walimpongeza tena kwa ile jezi na simu ikakatika.

"Bonyeza hapo pa 'mchezaji huru'," binti akasema.

"Si huru huyu! Huyu ni wetu!"

"Mlimfuta, Katibu. Hana klabu. Ni mchezaji huru."

Katibu akabonyeza, na kompyuta ikakubali bila neno. Namba ya jezi akaandika arobaini na moja, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki stoo yenye upana wa tumbo lile. Saa kumi kasoro dakika sita wakafika chini kabisa ya fomu, ambapo palikuwa na swali la mwisho na visanduku viwili. Katibu hata hakulisoma. Kidole kilikuwa kimeshaelekea kwenye "Ndiyo".

"Subiri," Tano akasema. "Hapo pameandikwaje?"

"Pameandikwa kama mchezaji anajiunga kwa hiari yake. Nabonyeza ndiyo, tumalize."

Tano akanyoosha mkono wake mkubwa akafunika vitufe vyote vya kompyuta. "Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Hicho kilichoandikwa."

"Bwana wewe, zimebaki dakika tano!"

"Zinatosha kuniuliza."

Katibu akamtazama Kocha, Kocha akatazama saa ya ukutani. "Haya. Unajiunga kwa hiari yako?" Katibu akauliza harakaharaka.

Tano aliegemea kiti, akatazama dari. Kocha akaja kutoka mlangoni, akachuchumaa mbele yake, kile kibao amekisahau huko. "Sikiliza," alisema. "Nilikuona mzee. Bado ni mzee. Lakini kesho bila wewe wale watauana. Nakuhitaji." Tano akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama dari. Dakika nne. Katibu akaanza kusema kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba alitaka mema, kwamba barua aliiandika kwa mapenzi, na kwamba wao walimzoea mno, wakadhani mtu akikaa sana basi anakaa tu, kama jengo. Alisema yote hayo bila kupumua, macho yamemlowa. Dakika tatu.

Mama mkwe akainama kwa bintiye. "Mbona hajibu? Ulimi umemganda tena?"

"Mwache, mama," mkewe akanong'ona, na uso wake ulikuwa unang'aa vibaya sana. "Hii klabu ilimuoa bila posa. Leo ndiyo anaposwa."

"Aa," mama mkwe akasema, akakaa sawasawa kwenye kiti cha Mwenyekiti, akapanga mikono mapajani kama upande wa bibi harusi.

"Nirudie," Tano alimwambia Katibu.

"Saa kumi kasoro dakika mbili!"

"Nirudie vizuri."

Katibu akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akafuta jasho, akazunguka meza akaja kusimama mbele ya beki wake wa kati. "Tunakuomba," alisema. "Je, unapenda kuichezea klabu yetu?"

Kwenye fomu swali halikuandikwa hivyo. Tano alilisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mkewe, akatulia kidogo zaidi ya ilivyolazimu.

"Napenda," akasema, akaondoa mkono kwenye vitufe.